Kompyuta ndogo inaiweza redio, tusiihukumu kwa kosa la waya na chaja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala ulioanzishwa na msomaji mwenzangu, aliyeandika kwamba kompyuta ndogo za ubao mmoja, kama vile Raspberry Pi, ambazo zimeanza kuonekana katika skuli na vikundi vya vijana hapa Unguja na Pemba, hazifai kwa masomo ya redio, na kwamba ni bora zikusanywe na mahali pake zinunuliwe kompyuta kubwa za mezani. Mimi nafundisha fizikia hapa Chake Chake, na baada ya saa za masomo nasimamia kikundi cha wanafunzi wanaojifunza kupokea mawimbi ya redio kwa kompyuta. Malalamiko aliyoyataja nayafahamu vizuri: sauti inakatikakatika, picha ya masafa inaganda, na baada ya muda mashine inajizima au inajiwasha upya bila ya kuguswa na mtu. Dalili hizo ni za kweli wala hakuzitia chumvi. Ninachokipinga ni hukumu aliyoitoa kutokana nazo, kwa sababu katika mashine tulizozichunguza, prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, ndiyo iliyolaumiwa na mara nyingi ndiyo isiyokuwa na kosa.

Kwa wasomaji ambao jambo hili ni geni kwao, naomba nieleze kwa ufupi. Redio ya kawaida ina saketi maalumu ya kuchagua stesheni, nyengine ya kuchuja, na nyengine ya kutoa sauti kutoka katika mawimbi. Katika redio ya programu, kifaa cha nje hufanya kazi moja tu, nayo ni kuyashusha mawimbi yaliyonaswa na antena na kuyageuza kuwa mfululizo wa namba. Kazi yote inayobaki, yaani kuchagua, kuchuja na kutoa sauti au ujumbe, hufanywa na kompyuta kwa hesabu. Kipokezi kinachotumika zaidi ni kidogo, umbo lake ni la flashi, na ndani yake mna chipu inayoitwa RTL2832U, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kutazamia televisheni ya kidijitali. Mnamo mwaka 2012 wapenzi wa redio walitambua kwamba chipu hiyo inaweza kutoa namba ghafi za mawimbi bila ya kuzigeuza kuwa picha ya televisheni, na tangu hapo kifaa cha bei ndogo kikawa redio ya kusikilizia takriban megahezi 24 hadi 1,700, masafa ambayo ndani yake mna stesheni za FM, meli, ndege na baadhi ya satelaiti za hali ya hewa. Kwa mwalimu anayefundisha mawimbi kwa chaki na ubao peke yake, hii ni neema kubwa, na ndiyo sababu nimeona nisinyamaze.

Nianze na umeme. Raspberry Pi 4, ambayo ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu, inataka adapta ya volti 5.1 yenye uwezo wa ampea 3, na toleo la tatu linataka ampea 2.5. Volti zikishuka chini ya 4.63 mashine hujihami kwa kujipunguzia kasi, na zikizidi kushuka hujizima. Wengi wetu huziendesha kwa chaja ya simu na waya wowote unaopatikana nyumbani, kisha tunashangaa. Hesabu yake ni ya kanuni ya Ohm, tunayoisomesha kila mwaka. Waya mwembamba wa chaja, ambao nyuzi zake za shaba zina kipenyo cha kama milimita 0.32, una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita; umeme unakwenda na kurudi, kwa hivyo waya wa mita moja ni omu 0.43. Kompyuta ikivuta ampea 1.5, na hilo ni jambo la kawaida mara tu kipokezi kinapochomekwa na prosesa kuanza kazi, volti 0.64 zinapotea ndani ya waya peke yake. Chaja ikitoa 5.1, kinachofika kwenye mashine ni 4.46, yaani chini ya mpaka wa hatari, hata kama chaja yenyewe ni nzima kabisa. Waya wa urefu ule ule wenye shaba ya milimita 0.8 hupoteza kama volti 0.1 tu.

Kikundi kimoja kilituletea mashine yake kikisema kwamba imechoka na haiwezi tena hata stesheni moja ya FM. Mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu alichukua mita ya kupimia volti, akaiweka ncha moja kwenye pini ya pili ya ubao, ambayo ni ya volti 5, na ncha nyengine kwenye pini ya sita, ambayo ni ya ardhi, kisha akamwambia mwenzake aiwashe programu ya redio. Namba zilianza kwenye nne nukta tisa, zikateremka hadi karibu na nne na nusu, na hapo hapo sauti ikaanza kukwaruza. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona tano haifiki?" Tulibadilisha waya na adapta, na mashine ile ile ikapiga FM mchana kutwa. Asiye na mita anaweza kuiuliza kompyuta yenyewe kwa amri ya vcgencmd get_throttled. Jawabu la 0x0 ni salama. Jawabu la 0x50005 maana yake ni kwamba wakati huo huo volti ziko chini na kasi imezuiwa, na kwamba mambo hayo mawili yamewahi kutokea tangu mashine ilipowashwa. Namuomba sana mwandishi wa barua ile, kabla ya kuzihukumu mashine za skuli yake, aandike amri hiyo moja katika kila mashine huku programu ya redio ikiwa inafanya kazi, maana ukiipima ikiwa imepumzika tangu ilipowashwa, huenda ukaambiwa kila kitu ni salama.

Ndugu wa kosa hilo ni joto. Prosesa ya mashine hizi huanza kupunguziwa kasi inapokaribia nyuzi 80 za selisiasi, na inapofika 85 hubanwa zaidi. Sisi tunaishi mahali ambapo katika miezi ya kaskazi chumba chenyewe kinapita nyuzi 30 hata kabla ya kuwasha chochote, na nimeona mashine zimefungwa ndani ya viboksi vya plastiki visivyo na tundu hata moja, zimewekwa juu ya kabati chini ya bati la paa. Mashine kama hiyo itafanya vizuri kwa dakika chache za mwanzo, kisha itaanza kukatakata, na mwenyewe atasema kwamba programu ina hitilafu. Kipande cha alumini cha kupozea juu ya chipu, feni ndogo, na kiboksi chenye matundu vinatosha. Sehemu yenye kivuli na upepo inasaidia zaidi kuliko feni ya gharama.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naona ndilo limemchanganya msomaji mwenzangu, nalo ni mzigo wa kazi wenyewe. Amesema kwamba alipofungua programu yenye picha ya masafa, ile inayoteremka kwenye skrini kama mvua ya rangi, prosesa ilijaa kabisa. Ninaamini. Lakini hebu tuitazame kazi ile imegawika vipi. Kipokezi kikiwekwa kwenye sampuli (yaani vipimo vya wimbi) milioni 2.4 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoaminika kwa chipu ile, na kila sampuli ni jozi ya baiti mbili, kompyuta inapokea megabaiti 4.8 kila sekunde. Kuzipokea tu si kazi nzito. Kuzichuja ili kutoa stesheni moja ni kazi ya wastani. Kuzigeuza kuwa picha ya rangi mara 25 au 60 kwa sekunde na kuichora kwenye skrini kubwa, tena juu ya mazingira kamili ya madirisha ya programu, hapo ndipo nguvu nyingi zinapokwenda. Na katika mazoezi mengi picha hiyo ni ya kumfurahisha mtazamaji tu, redio haiihitaji.

Ushahidi upo. Programu ya dump1090, inayopokea taarifa za ndege kwenye megahezi 1090, katika matoleo yake ya sasa hufanya kazi kwa kasi ile ile ya sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, na duniani kote watu wamekuwa wakiiendesha kwenye kompyuta hizi hizi ndogo, usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Hapa kwetu imeonesha ndege zinazoshuka kwenye uwanja wa Kisauni, Unguja, na zile zinazokatiza juu yetu bila ya kutua, juu ya mashine ya toleo la tatu iliyotoka mwaka 2016. Mashine haikutetereka kwa sababu programu hiyo haichori picha ya masafa. Inafanya hesabu yake kimya kimya na kutoa mistari ya maandishi. Kwa hivyo anayesema kwamba mashine haiwezi sampuli milioni 2.4 anapaswa kueleza imewezaje hizo za ndege.

Ukitaka picha, ipunguze. Katika programu kama Gqrx mtumiaji anaweza kushusha idadi ya picha kutoka 25 kwa sekunde hadi 5, akapunguza ukubwa wa hesabu ya masafa, na akalifanya dirisha kuwa dogo; jicho la mwanafunzi halipotezi chochote cha maana, na prosesa inapumua. Vile vile kasi ya sampuli ichaguliwe kwa kazi iliyopo. Stesheni moja ya FM inachukua upana wa kama kilohezi 200, kwa hiyo sampuli 250,000 kwa sekunde zinatosha kuisikiliza. Taarifa za meli zinarushwa kwenye njia mbili, megahezi 161.975 na 162.025, ambazo zimeachana kwa kilohezi 50 tu, na programu ya AIS-catcher inaweza kuzipokea zote mbili kwa sampuli 288,000. Kuchukua milioni 2.4 kwa kazi hiyo ni kukokota juya zima kwa ajili ya samaki wawili. Ni kweli kwamba kasi kubwa, ikichujwa vizuri, humsaidia mpokeaji kidogo kwenye ishara dhaifu, na mashine ikiwa na nafasi si vibaya kuipandisha; lakini mashine inayotapatapa haina faida hiyo, kwa sababu sampuli zinazopotea njiani zinaharibu zaidi kuliko kile kinachoongezwa. Ukitaka kujua kama zinapotea, endesha rtl_test kwa dakika chache kwa kasi unayoikusudia: kila baiti zinapopotea, programu hiyo inakuandikia.

Kwa wanafunzi wanaounda redio zao wenyewe kwa GNU Radio, programu ya kuunganisha hatua za hesabu kama mnyororo, kosa kubwa ninaloliona ni kuchuja kwa kasi kamili mpaka mwisho wa mnyororo. Chujio lenye vizidishi 100, likifanya kazi kwa kila sampuli katika milioni 2.4, na kila sampuli ikiwa ni namba mbili, ni mazidisho milioni 480 kwa sekunde. Chujio lile lile likiambiwa litoe sampuli moja katika kila nane, mazidisho yanashuka hadi milioni 60, na vyote vinavyofuata baada yake vinafanya kazi kwa kasi ndogo kwa mara nane. Upunguzaji ufanywe mapema, tena kwa hatua, na chujio kali la mwisho liwekwe pale ambapo sampuli zimekwisha kuwa chache. Tena iendeshwe mara moja ile programu ya volk_profile, ambayo hujaribu njia mbalimbali za kufanya hesabu na kuchagua iliyo ya haraka kwa prosesa iliyopo. Hivi vyote havigharimu hata senti.

Njia tunayoipenda zaidi katika kikundi chetu ni kuitenga kazi. Kompyuta ndogo hukaa peke yake karibu na antena, bila ya skrini wala madirisha, ikipokea na kufasiri. Na anayetaka kuangalia hufungua simu yake au kompyuta nyengine. Hapa pana mtego mmoja. Wapo wanaotumia rtl_tcp kuzituma namba ghafi zote kwenye mtandao, na kwa sampuli milioni 2.4 hizo ni megabiti 38.4 kila sekunde bila ya kupumzika. Waifai ya nyumbani yenye ukuta wa mawe katikati mara nyingi haiwezi kuzibeba, na sauti inakatika ijapokuwa kompyuta zote mbili hazina tatizo. Ukiteremka hadi sampuli 250,000 unabaki na megabiti 4. Ukifasiri huko huko kwenye mashine iliyo karibu na antena na kutuma matokeo tu, unatuma kidogo sana: sauti isiyobanwa ya kilohezi 48 ni kilobaiti 96 kwa sekunde, na taarifa za meli ni mistari ya maandishi tu. Faida nyengine ni kwamba waya wa antena unakuwa mfupi, na kwenye masafa ya juu waya mrefu wa antena unakula ishara nyingi.

Yapo pia makosa yasiyohusiana kabisa na nguvu ya mashine. Moja linawakuta karibu wote siku ya kwanza: mfumo wa Linux unakitambua kipokezi kuwa ni cha televisheni na kukipakilia draiva ya dvb_usb_rtl28xxu, kisha programu ya redio inapotaka kukishika inajibiwa kwamba kimeshikwa, kwa ujumbe wa usb_claim_interface error -6. Draiva hiyo ikizuiliwa isipakiwe, tatizo limekwisha. Jengine ni la miongozo ya zamani. Kwa miaka mingi wanafunzi walijifunza kwa kupokea picha za mawingu kutoka satelaiti za Marekani za NOAA 15, 18 na 19, na ndizo zinazotajwa katika maelezo mengi yaliyobaki. Satelaiti hizo zote tatu zilistaafishwa mwaka 2025. Mwanafunzi anayekaa juani na antena yake akingojea NOAA 19 ipite hatasikia kitu, hata akipewa kompyuta ya bei gani. Afadhali afuate satelaiti za Urusi za Meteor-M, ambazo hutumia masafa ya karibu na megahezi 137 na hutoa picha bora zaidi.

Kelele nazo zinahitaji kutajwa. Kompyuta yenyewe ni chanzo cha kelele za redio, na chaja duni ni mbaya zaidi. Kipokezi kilichochomekwa moja kwa moja ubavuni mwa ubao kinazisikia kelele hizo kabla ya kuisikia meli. Waya wa USB wa kurefushia, wenye ngao nzuri, unaokiweka kipokezi hata nusu mita mbali, hubadilisha mambo kwa namna ambayo wanafunzi wangu hawakuiamini mpaka walipoiona kwenye skrini: mistari ya uongo iliyokuwa imetapakaa kote ilipungua pale pale. Kwa antena ya meli, vyuma vya sentimita 44 hadi 46 vinatosha, kwa kuwa robo ya urefu wa wimbi la megahezi 162 ni kama sentimita 46. Na sisi wa visiwani tufunge viungo vyote vya nje kwa utepe usiopitisha maji, kwa sababu hewa ya chumvi inaila shaba haraka.

Kuhusu memori kadi nitasema machache. Kurekodi namba ghafi kwa sampuli milioni 2.4 kunajaza zaidi ya gigabaiti 17 kwa saa, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 32 haifiki saa mbili. Na kadi inayoandikwa bila ya kukoma hufa mapema, hasa pale umeme unapokatika ghafla katikati ya kuandika. Kumbukumbu za kila mara ziwekwe kwenye RAM, na rekodi kubwa ziende kwenye diski ya nje.

Huenda mtu akauliza kwa nini mwalimu wa Pemba ajisumbue na haya yote. Kisiwa hiki kinatenganishwa na bara na mkondo wa maji wa takriban kilomita 50, na kila kinachotufikia, kuanzia mchele hadi jamaa zetu, kinapita baharini au angani. Antena iliyo mita 9 juu ya usawa wa bahari inaweza kuipata meli yenye antena ya mita 16 kwa umbali wa karibu kilomita 29, kwa hesabu ya kupinda kwa dunia, na meli iliyo safarini inajitangaza kila baada ya sekunde chache. Mwanafunzi anayeiona meli ya Mkoani ikisogea kwenye ramani aliyoijenga mwenyewe, kwa hesabu alizoziandika mwenyewe, anaielewa fizikia kwa namna ambayo sijaweza kuifikisha kwa maneno. Hata hivyo lazima niseme wazi, hasa katika visiwa vilivyoomboleza kuzama kwa meli ya MV Spice Islander mwezi Septemba 2011 na tena MV Skagit Julai 2012, kwamba kifaa hiki ni cha kujifunzia na hakichukui nafasi ya vyombo vya uokozi. Majahazi, mashua na ngalawa zetu nyingi hazina kifaa cha kujitangaza, kwa hiyo ramani tupu haina maana kwamba bahari ni tupu, na wanafunzi wafundishwe hilo siku ya kwanza.

Wafundishwe pia mipaka ya sheria. Tunapokea, haturushi; anayetaka kurusha anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mazungumzo ya watu binafsi hayakusudiwi kwetu, hayasikilizwi wala hayasambazwi.

Katika jambo moja namkubalia mwandishi mwenzangu. Zipo kazi ambazo mashine hizi haziziwezi vizuri: vipokezi vya upana mkubwa vinavyotoa sampuli milioni 10 au 20 kwa sekunde, darasa zima likitaka kutazama picha za masafa kwa wakati mmoja kutoka mashine moja, au wanafunzi wakitaka kujaribu njia nyingi za kuchambua rekodi ndefu kwa siku moja. Skuli yenye kompyuta moja kubwa kwa kazi hizo itafaidika nayo. Lakini hiyo ni kompyuta moja kwa skuli, pembeni mwa zile ndogo, na bei yake inaweza kununua ndogo kadhaa pamoja na vipokezi vyake, kila moja ikiwa kwenye meza ya wanafunzi wawili au watatu wanaoweza kuivunja na kuiunda upya bila ya mwalimu kushikwa na hofu.

Ombi langu kwa wanaopanga manunuzi, iwe ni kamati za skuli, wafadhili au idara husika, ni kwamba kabla ya mashine yoyote kuandikwa kuwa haifai, ipimwe kwa adapta sahihi na waya mnene, ikiwa imefunguliwa kiboksi, bila ya madirisha ya programu kwenye skrini, huku rtl_test ikiendeshwa kwa dakika kumi na jawabu la vcgencmd get_throttled likiandikwa kabla na baada yake. Ikipoteza sampuli katika hali hiyo, mimi mwenyewe nitakubali iondoshwe. Kikundi chetu kiko tayari kufika katika skuli yoyote ya Pemba na mita yetu na waya wetu, na kuifanya kazi hiyo mbele ya walimu, bila ya malipo. Ninachoomba ni nauli ya daladala kwa wanafunzi wawili, na ruhusa ya mwalimu mkuu.

Wako,
Mwalimu wa fizikia,
Chake Chake, Pemba